Nilimpa pole bibi aliyeanguka, wakasema nimekiri kosa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Siku hizi nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huku kaskazini mwa Uingereza. Kiingereza changu si cha kubabaisha, nimekisoma na nimekifanyia mtihani kabla ya kupewa viza, na ndiyo maana haya yaliyonikuta yananiuma zaidi.

Jioni moja nilikuwa ndiyo kwanza naingia zamu, hata koti sijavua. Nikasikia kishindo chumbani kwa bibi mmoja. Kukimbilia, namkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango wa choo, fremu yake ya kutembelea imeangukia pembeni, soksi moja imemvuka nusu. Nikapiga magoti, nikamshika mkono ule usioumia, nikawa namwambia, "Sorry, my dear, sorry, so sorry." Sikumwinua, maana tumefundishwa tusimwinue mtu kabla hajaangaliwa. Nikabonyeza kengele. Binti yake alikuwa amekuja kumtembelea, akawa amesimama mlangoni, akaona na kusikia yote.

Bibi alivunjika mfupa karibu na kiwiko cha mkono. Siku chache baadaye yule binti akaleta malalamiko ya maandishi: kwamba mhudumu alikiri kosa palepale, tena kwa kurudiarudia. Meneja akaniita. Akaniuliza, kama hukufanya kosa, uliomba msamaha wa nini? Nikamwambia sikuomba msamaha, nilimpa pole. Akanitazama tu. Nikajaribu kueleza pole ni kitu gani, maneno yakanigomea, nikajikuta namwambia, "I'm sorry, I can't explain it." Mwalimu, hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe.

Nimetakiwa kuandika maelezo kabla ya kikao cha wiki ijayo. Mwajiri huyuhuyu ndiye aliyenidhamini viza, kwa hiyo usingizi wenyewe unaujua ulivyo. Mwenzangu Mkenya ananiambia nilifute kabisa hilo neno kinywani. Mwingine, Mghana, anasema na yeye husema hivyohivyo, na kwao hakuna aliyewahi kumhoji. Mume wangu anaona bora mtu akianguka ninyamaze nifanye kazi. Lakini mimi siwezi kumkuta mzee chini nikamnyamazia.

Na kuna hili jingine. Mwanangu wa miaka saba akijikwaa nikamwambia "sorry", hunijibu, "It wasn't you, Mama." Kila siku. Je, "sorry" ni pole, ni samahani, ama ni kitu cha tatu? Na kwenye hayo maelezo niandike nini?

Mpa Pole, Uingereza

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyokukuta. Nimekupa pole ya Kiswahili, kwa hiyo hakuna atakayeniuliza nilikuwa wapi bibi alipoanguka.

Kati ya washauri wako, Mghana ndiye aliyekaribia. Kiingereza kinachosemwa Accra, Lagos, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kina "sorry" iliyopewa kazi ya neno la nyumbani. Wayoruba wana "pẹlẹ", sisi tuna "pole", na lugha nyingi za Afrika zina neno la namna hiyo: la haraka, la kumwambia aliyepatwa na jambo bila kuuliza nani kalisababisha. Kiingereza cha Uingereza hakina neno moja la kazi hiyo. Mtu akijikwaa mbele ya Mwingereza ataambiwa "Oops", au "Careful!", au ataulizwa "Are you all right?" Sisi tulipojifunza lugha yao tukaliona hilo pengo, tukalijaza kwa "sorry", na baina yetu tunaelewana bila shida. Wanaoshughulika na lugha wameliandika hilo miaka mingi, wala hawaliiti Kiingereza kibovu. Shida inaanza pale msikilizaji anapokuwa binti wa bibi, mlangoni, moyo unamwenda mbio.

Lakini usije ukadhani Waingereza hawana "sorry" ya pole. Wanayo, na asili ya neno lenyewe ni maumivu. Limetokana na neno la Kiingereza cha kale lililotoka kwenye mzizi uleule wa "sore", yaani penye kuuma. Mwenzao akifiwa watamwambia "I'm sorry for your loss." Akisimulia kwamba anaumwa watasema "I'm sorry to hear that." Hakuna mfiwa hata mmoja aliyewahi kujibu, kwani wewe ndiye uliyemuua? Sasa angalia: mara nyingi hiyo "sorry" ya pole ina mkia. "For your loss", "to hear that", "that you're in pain". Mkia ndio unaomwonyesha msikilizaji kwamba huzuni yako inaelekea kwake, si kwenye kitendo chako. Ukiukata mkia, neno likabaki tupu, likasemwa palepale kwenye tukio na mtu aliyevaa sare ya kazi, Mwingereza anasikia "ni mimi". Na mkia wenyewe una jinsi zake: ukimwambia "I'm sorry I was late", hapo umekiri kweli, kwa sababu baada ya "sorry" umemweka "I".

Wewe jioni ile hukuwa na mkia. Ulikuwa na magoti sakafuni na bibi anayelia, na kwa Kiswahili hayo yanatosha.

Nije kwa meneja wako, maana yeye alifanya jambo ambalo pengine hukuliona. Wewe ulisema "sorry", yeye akauliza kwa nini ulifanya "apologise". Amelibadilisha neno katikati ya maongezi, na hayo mawili hayalingani. "Sorry" ni hali ya moyo. Waweza kuwa nayo kwa mvua iliyoharibu harusi ya jirani. "Apologise" ni kitendo, na hakifanyiki ila na mwenye deni au anayesimama badala ya mwenye deni. Jaribu kumwambia mfiwa "I apologise for your loss" uone watu watakavyogeuza shingo. Nikuchekeshe kidogo: neno hilo lilitoka Ugiriki likiwa na maana ya kujitetea mahakamani. Mwanafalsafa Socrates alipotoa utetezi wake Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, hakuomba radhi hata chembe. Maana ya kukubali kosa ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo kikaoni, likitokea neno "apologised" kwenye maswali au kwenye kumbukumbu, usilipokee. Sema kwa utulivu kwamba ulimfariji, na uombe liandikwe hivyo.

"Excuse me" na "pardon" hazina ugomvi na wewe, nizipitie mbiombio. Uingereza "excuse me" huja kabla ya usumbufu, unapotaka kupita au kumkatiza mtu. "Sorry" huja baada, ukishamkanyaga. "Pardon" ya kawaida ni ya asiyesikia vizuri. Ile nzito ni ya rais na wafungwa.

Neno linalostahili kukaliwa ni "regret", kwa sababu wakubwa hulitumia sana, na utalikuta kwenye barua utakayopewa baada ya kikao.

Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuwa Nairobi, kwenye dhifa ya Ikulu. Akizungumzia mabaya waliyotendewa Wakenya wakati wa kupigania uhuru, alisema ni chanzo cha "the greatest sorrow and the deepest regret", na kwamba hayana kisingizio. Kesho yake Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, mji uliobeba jina la Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Pale mbele ya wajukuu wa waliouawa, aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Siku mbili zinazofuatana, nchi mbili jirani, maneno mawili. Kenya watetezi wa haki walikuwa wametaka mfalme aombe radhi waziwazi, wakapata huzuni na majuto. Huzuni na majuto unaweza kuwa nayo hata ukiwa umesimama kando. Kuomba msamaha kunakulazimisha usogee mbele.

Hilo halikuanza na mfalme. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, alisimama bungeni London akasema serikali "sincerely regrets" kwamba mateso yale ya enzi ya Mau Mau yalitokea. Wazee 5,228 walilipwa, jumla pamoja na gharama za kesi ikawa pauni milioni 19.9. Na katika kauli hiyohiyo akasema serikali inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Fedha zimetoka, mdomo umekataa. "Regret" ndiyo iliyowezesha hayo yote mawili kukaa kwenye hotuba moja.

Nasi tusijione wasafi. Matangazo yetu ya kukatika umeme na maji yameandikwa "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza", na hakuna anayeomba chochote pale. Pwani tulikotoka radhi ni ya mama, mtoto hupiga magoti kuitaka kabla ya safari. Sasa imebandikwa ukutani kando ya kaunta.

"Sorry", tofauti na "regret", ina utata unaoweza hata kuokoa watu. Aprili mosi mwaka 2001, ndege ya kijeshi ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina akafa, Wamarekani 24 wakashikiliwa. China ikataka iombwe radhi, Marekani ikakataa katakata. Tarehe 11 Aprili ikatolewa barua ya balozi wa Marekani yenye "very sorry" mara mbili: kwa kifo cha rubani, na kwa ndege kuingia na kutua bila ruhusa ya mdomo. Beijing wakaisoma kuwa ni kuomba radhi, Washington wakasema hapana, ni masikitiko tu. Wale 24 wakaachiwa. Neno lililokuingiza wewe matatani ndilo lililowatoa wao, na wote walioliandika walijua wanachofanya. Wewe hukuwa na mwanasheria wa kukuandikia, ulikuwa na bibi mkononi.

Sasa tuseme hata binti ana haki ya kulisikia alivyolisikia. Bado neno hilo peke yake halimpi ushindi, kwa sheria ya huko uliko. Sheria ya Compensation Act ya mwaka 2006, kifungu cha 2, inasema kwamba kuomba radhi, au kuahidi matibabu au nafuu nyingine, hakuhesabiwi peke yake kuwa ni kukiri uzembe. Ni sheria ya England na Wales. Halafu kuna kanuni ya 20 ya kanuni za huduma za afya na jamii za mwaka 2014, ile wanayoiita "duty of candour", yaani wajibu wa kusema ukweli. Watoa huduma waliosajiliwa, nyumba za wazee zikiwamo, wanatakiwa na kanuni hiyo wao wenyewe waombe radhi pale tukio linapoangukia kwenye masharti yake. Na kanuni imelifafanua neno "apology": ni kueleza "sorrow or regret" kuhusu tukio. Umeona? Sheria yao haikuyatenga kama nilivyoyatenga mimi hapo juu, imeyarundika pamoja makusudi ili watu wasiogope kuyasema. Mkumbushe meneja kwa adabu. Huenda anaijua kanuni, ila hakuikumbuka alipokuwa na barua ya malalamiko mezani.

Mwenzako Mkenya na mumeo nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Ukiacha kusema kabisa utakuwa mhudumu baridi, na wazee wanamjua mtu baridi kabla hajafika kitandani. Wewe ongeza mkia tu. "I'm so sorry you've hurt yourself." Au liache kabisa "sorry" useme "Oh dear, that must hurt. I'm here. Don't move yet." Hiyo ya mwisho ina faida ya kuwa maagizo ya kazi pia. Na kwa wale wazee mliozoeana, waambie "pole" ya kwetu, mara mbili, kwa sauti ile unayoijua. Wakiuliza maana yake waeleze. Sioni kwa nini sisi ndio tuwe wa kuazima siku zote.

Mtoto usibishane naye, kwa Kiingereza chake yuko sahihi. Mwambie "pole, mwanangu" kwa Kiswahili, na umfundishe kujibu "asante" au "nimeshapoa". Akikua kidogo mfundishe na ile "pole yako!" ya kejeli, asije akaipokea kwa asante akiwa likizo Tanga.

Tuje kwenye maelezo. Yaandike kwa mpangilio wa saa. Uliingia saa ngapi, ulikuwa umesimama wapi uliposikia kishindo, bibi ulimkuta amelalaje, fremu ilikuwa upande gani, soksi ilikuwaje. Hiyo soksi usiisahau, maana huenda ndiyo iliyomtelezesha, na wewe ndiye uliyeiona. Kisha ulichofanya: hukumwinua, ulibonyeza kengele, nani alifika. Usimtaje mwenzako wa zamu iliyotangulia kwa namna ya kumtupia mzigo. Andika tu kwamba ulikuwa ndiyo kwanza unaingia zamu. Kuhusu neno lenyewe, andika sentensi fupi kwa Kiingereza chako hichohicho kizuri: "I was not in the room when she fell. I said 'sorry' several times to comfort her because she was in pain. In the English I grew up with, this is how we show sympathy." Basi. Usimweleze pole ni nini kwa ukurasa mzima, utaonekana unatafuta pa kutokea. Na kwenye karatasi hiyo isiwepo "sorry" nyingine yoyote, hata ya kuomba radhi kwa mwandiko.

Binti wa bibi usimwandikie wewe. Mkikutana kwenye korido, "I'm sorry your mum was hurt" inatosha, mkia wake uko pale. Mengine yapitie kwa meneja.

Kabla ya siku yenyewe uliza kwa barua pepe kama kikao ni cha uchunguzi au cha nidhamu. Kikiwa cha nidhamu, sheria ya Employment Relations Act ya mwaka 1999 inakupa haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Cha uchunguzi sheria haikupi haki hiyo, lakini omba, wengi hukubali. Kama hujajiunga na chama, UNISON wana wanachama wengi wa kazi yenu, ingawa vyama mara nyingi havipokei shauri lililoanza kabla hujajiunga. ACAS, shirika la ushauri na usuluhishi wa mambo ya kazi, wanashauri bure kwa simu na huhitaji uanachama. Kuhusu viza, usisaini karatasi yoyote ya kuacha kazi kwa hiari pale mezani, hata ukiambiwa ni kwa faida yako. Omba kwenda nayo nyumbani, na maelezo yako baki na nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea.